Arifa ya Wote ni Arifa ya Nani?

Wiki iliyopita nilifuta barua pepe 1,140 bila kufungua hata moja. Sijivunii jambo hilo, lakini sijutii pia. Zote zilikuwa arifa za miradi ya programu huria ninayoifuatilia: fulani ametoa maoni, fulani amebadilisha lebo, roboti imejaribu msimbo ukakwama, roboti imejaribu tena ukapita. Miaka mitatu iliyopita ningeona hiyo ni dhambi. Niliamini kwamba mtunzaji mwema wa mradi ni yule anayesoma kila kitu kinachomfikia. Leo naamini kinyume kabisa, na naomba mnivumilie nieleze kwa nini, maana imani yangu ile ya zamani iliwagusa watu ambao hata hawajui GitHub ni mnyama gani.

Kwanza maneno, kwa faida ya wageni. Programu huria ni programu ambayo msimbo wake uko wazi. Yeyote anaweza kuusoma, kuutumia, kuurekebisha na kuwagawia wengine. Kila mradi wa namna hiyo huwa na daftari la tiketi. Tiketi ni taarifa moja: hapa pameharibika, hapa naomba mwongeze kitu fulani, hapa sielewi. Tiketi ikifunguliwa, mfumo hutuma arifa kwa kila anayefuatilia mradi. Halafu kuna kazi ya kupitia tiketi mpya na kuamua ipi ni ya haraka, ipi ingoje, ipi haina maana, na nani aishike. Kazi hiyo huitwa triaji, neno lililotoka kwenye kitenzi cha Kifaransa chenye maana ya kuchambua. Umaarufu wake umetoka vitani. Dominique Jean Larrey, daktari mpasuaji wa jeshi la Napoleon, alisisitiza kwamba majeruhi wahudumiwe kulingana na ukubwa wa jeraha, si kulingana na cheo.

Ukienda hospitali kubwa yoyote hapa kwetu utakutana na kazi hiyo kabla hujamwona daktari. Kuna muuguzi amekaa karibu na mlango. Anapima joto, anapima presha, anakuuliza umeanza kuumwa lini. Hatibu mtu. Anapanga tu. Mtoto anayepumua kwa shida anapita mbele yako hata kama ulifika saa kumi na mbili asubuhi, nawe hunung'uniki, au ukinung'unika unanung'unika kimoyomoyo. Sasa piga picha hospitali isiyo na muuguzi huyo, ambayo badala yake kila mgonjwa akiingia getini kengele inalia masikioni mwa madaktari wote, mfamasia, mtu wa maabara na mpishi. Baada ya wiki moja kila mmoja atakuwa ameziba masikio kwa pamba. Mradi wetu ulikuwa hivyo hasa, na pamba yangu nilijitengenezea mwenyewe.

Mradi wenyewe ni mdogo. Ni kiongezo cha ripoti kinachokaa juu ya OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa. Wengi hudhani OpenMRS ni kitu cha ng'ambo kilicholetwa kwa meli. Si hivyo. Mwaka 2004 Burke Mamlin na Paul Biondich wa Taasisi ya Regenstrief, Indiana, walifika Eldoret kusaidia mpango wa AMPATH, ambao ni ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi na Chuo Kikuu cha Indiana. Wagonjwa wa virusi vya Ukimwi walikuwa wanaongezeka haraka kuliko mfumo uliokuwapo ulivyoweza kubeba. Walirudi na wazo la kujenga upya kutoka msingi, wakaungana na wenzao wa Partners in Health waliokuwa na shida ileile, na mwaka 2006 mfumo ukaanza kazi Eldoret, kisha Rwanda. Baadaye Kenya ikapata KenyaEMR, iliyojengwa juu ya msingi huohuo, na leo iko katika mamia ya vituo vya afya. Kwa hiyo mtu wa Mumias anapogusa msimbo wa OpenMRS anagusa kitu kilichozaliwa kwa jirani, umbali wa matatu mbili kutoka nyumbani.

Kiongezo chetu kinafanya jambo moja. Kila asubuhi kinatoa orodha ya wagonjwa waliopewa tarehe ya kurudi kliniki na hawakurudi. Orodha hiyo huenda kwa wahudumu wa afya ya jamii, wanaopita nyumba kwa nyumba kuuliza kulikoni. Kwa mgonjwa wa kifua kikuu au anayetumia dawa za kupunguza makali ya virusi, kukosa tarehe si jambo la kuchezea, kwa kuwa dawa zikikatizwa vimelea hujifunza kuzizoea. Tulikuwa watu watano: mimi hapa Mumias, mmoja Kisumu, wawili Nairobi, mmoja Kampala. Hakuna aliyelipwa. Kliniki tatu zilikuwa zinakitumia.

Wafanyakazi wa kliniki hawana akaunti za GitHub, wala sioni sababu ya kuwalazimisha wawe nazo. Tuliwawekea fomu fupi ya sehemu mbili, kichwa na maelezo. Ukibonyeza kutuma, roboti inafungua tiketi kwa niaba yako. Tulijisifu sana kwa fomu ile.

Siku moja ikaingia tiketi yenye kichwa hiki: "Ripoti inaficha watu." Maelezo yake: "Kuna mgonjwa hayuko kwa ripoti na hajakuja. Angalieni tafadhali." Basi. Hakuna picha ya skrini, hakuna namba ya toleo, hakuna hatua za kurudia tatizo, mambo yote yale tunayopenda kudai.

Ilikaa wiki saba.

Nimeipitia historia ya wiki hizo saba kama askari anayechunguza ajali, kwa sababu nilitaka kujua nani mzembe. Sikumpata. Wote watano tulipata arifa. Mimi nilikuwa nimeweka chujio kwenye barua pepe yangu: chochote kilichoandikwa na roboti kiende kwenye folda niliyoiita "Baadaye", kwa kuwa roboti za majaribio zilikuwa zinaniletea ujumbe mia kwa siku. Tiketi ya yule mama ilifunguliwa na roboti. Ikaenda Baadaye. Mwenzetu wa Kisumu aliiona akiwa ndani ya matatu, akasema moyoni kwamba ripoti ni ya Mumias, Mumias ataishughulikia. Mmoja wa Nairobi alikuwa amezima arifa zote tangu abadilishe kazi, na hakutuambia kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Wa pili aliisoma, akaona haina maelezo ya kutosha, akapanga kuuliza swali jioni, jioni ikapita. Wa Kampala alidhani kwa vile watu wanne wameiona, lazima kuna anayeishika. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, wahenga walisema, na sisi tulikuwa ndugu watano, kila mmoja akimtegemea mwenzake. La kuchekesha, na naliandika kwa aibu, ni kwamba katika wiki hizohizo tulibishana kuhusu rangi ya kitufe cha kuchapisha. Maoni 32. Yangu yalikuwa tisa.

Aliyetuamsha ni simu. Mama mmoja wa chumba cha kumbukumbu katika mojawapo ya kliniki zile alikuwa na namba yangu tangu siku ya mafunzo.

"Mama, habari za kazi?"

"Za kazi njema. Kijana, mimi niliwaandikia. Mliona?"

Nikamwambia ngoja niangalie. Nikafungua ile folda huku nimeshika simu, nikasoma tarehe, nikanyamaza.

"Wala usijali sana," akasema, "mimi nilisharudi kwa kitabu."

Maneno hayo yaliniuma kuliko kama angenitukana. Kitabu ni lile daftari kubwa la jalada gumu lililotumika kabla ya kompyuta. Mama yule alikuwa anaandika kila mgonjwa mara mbili, kwenye mfumo wetu kwa sababu wakubwa wametaka, na kwenye kitabu kwa sababu kitabu hakifichi watu.

Kosa lenyewe lilikuwa la mstari mmoja. Ripoti ilikuwa inauliza: je, mgonjwa huyu ana ziara yoyote baada ya tarehe aliyopewa? Neno "yoyote" ndilo lililotuponza. Mtu aliyekosa tarehe yake ya dawa za kifua kikuu, kisha siku kumi baadaye akamleta mtoto kupata chanjo na yeye mwenyewe akaandikishwa kupimwa malaria, alihesabiwa kwamba amerudi. Jina lake likatoka kwenye orodha. Lilipaswa kubaki hadi aonekane kwenye kliniki ileile aliyopangiwa. Nilirekebisha kwa dakika arobaini, pamoja na kuandika jaribio. Asubuhi iliyofuata orodha ya kliniki yake iliongezeka majina 19. Baadhi walikuwa wamehamia kituo kingine na wako salama. Baadhi walikuwa wamesafiri. Waliobaki siwezi kuwasimulia hapa. Habari zao si mali yangu.

Dakika arobaini za kazi, wiki saba za kungoja. Shida yetu haikuwa ujuzi wala uhaba wa mikono.

Sasa nifike kwenye hoja yangu. Arifa na wajibu ni vitu viwili, na sisi waandishi wa programu tumevichanganya kwa sababu mashine zetu zinavichanganya. Mfumo ukishatuma arifa unajiona umemaliza kazi: nimewaambia. Umemwambia nani? Ukisimama sokoni siku ya soko ukapaza sauti "jamani, kuna mtoto amepotea", watu mia watageuka, kisha watu mia wataendelea kupima nyanya. Mshike mmoja mkono, mwambie "wewe mwenye kofia, njoo tumtafute", atakuja. Arifa iliyotumwa kwa watu watano ina nguvu ndogo kuliko iliyotumwa kwa mmoja, na hili ni kinyume cha tunavyodhani tunapobofya kitufe cha kufuatilia mradi mzima.

Tulichofanya baada ya simu ile ni hiki. Tuliweka zamu ya wiki. Mwenye zamu, na yeye peke yake, hupokea arifa ya kila tiketi mpya. Sisi wengine tumejiondoa. Tunapata arifa pale tu tunapotajwa kwa jina au tunapokuwa tumeshika tiketi. Mwenye zamu anatakiwa ndani ya siku mbili aandike jibu la kibinadamu kwenye kila tiketi, aamue uzito wake, na aiweke mikononi mwa mtu mmoja au aseme wazi kwamba haina mtu. Baada ya hapo anaiacha.

Hapo kwenye kuiacha ndipo tulipogombana. Mwenzetu wa Kampala alisema ni ujinga: kama mwenye zamu ameona kosa na anajua kulirekebisha, kwa nini asirekebishe palepale? Nilimwelewa, lakini nilisimama kidete. Muuguzi wa mlangoni akianza kushona kidonda cha mgonjwa wa tatu, mgonjwa wa saba anaanguka kwenye benchi hakuna anayemwona. Kurekebisha kosa ni kutamu. Kunakupa kitu cha kuonyesha, kijani kwenye ukurasa wako, pongezi. Kupanga hakukupi chochote, na ndiyo maana kila mtu hukimbilia kurekebisha tiketi ya kwanza anayoipenda na kuacha nyingine hamsini zikae. Tulikubaliana kwamba mwenye zamu anaweza kurekebisha akishamaliza kupanga zote. Kwa kawaida akimaliza amechoka.

Uzito tunaupima kwa swali moja kabla ya mengine yote: je, kuna mtu anaumia sasa hivi kwa sababu ya hili? Hatujali kama ni kosa gumu, kama linavutia, au nani amelileta. Watu wa Debian walilijua hili tangu miaka ya 1990. Daftari lao la makosa lina ngazi saba za uzito, na ngazi tatu za juu zina meno: kosa likiwekwa huko, kifurushi husika hakitoki kwenye toleo jipya mpaka lishughulikiwe au kifurushi kiondolewe. Lebo isiyo na meno ni pambo. Sisi tulikuwa na lebo 41, za rangi zote za upinde wa mvua, na hakuna hata moja iliyozuia kitu. Sasa zimebaki tano, na mojawapo, "inamgusa mgonjwa", inazuia toleo.

OpenMRS wenyewe kwa miaka mingi wamekuwa na utaratibu ninaoupenda kwa sababu hauna haraka ya uongo. Tiketi mpya inaanza katika hali ya kungoja tathmini. Hairuhusiwi kufanyiwa kazi mpaka mtu mwenye uzoefu aseme inaeleweka na iko tayari. Ikishakuwa tayari, mwandishi yeyote, hata mwanafunzi wa mwaka wa pili, anaweza kuidai iwe yake, na kuanzia hapo jina lake liko juu yake. Mimi niliingia kwa mlango huo, kwa tiketi ndogo ya utangulizi, nikiwa chuoni. Nakumbuka woga wa kuona jina langu pale. Woga ule ulinifanya nimalize kazi. Kungekuwa na tangazo tu la "wanafunzi, tusaidieni", ningelisoma, nikalipenda, nikalala.

Nao watu wa kiini cha Linux wana faili moja la maandishi, MAINTAINERS, linalosema sehemu gani ya msimbo inatunzwa na nani, na kijiprogramu kinachosoma mabadiliko yako na kukwambia majina ya kuwapelekea. Faili la maandishi tu. Huhitaji kununua mfumo wowote. Mradi mkubwa kuliko yote unaendeshwa kwa kujua mlango wa nani wa kubisha, nasi wenye mradi wa watu watano tunapigia kengele kijiji kizima.

Naomba niseme neno kuhusu roboti za kufunga tiketi zilizonyamaza, kwa kuwa najua kuna msomaji ameshaanza kuniandikia kuzipendekeza. Hizi hungoja siku kadhaa, mara nyingi 30 au 60, na kama hakuna aliyeongea kwenye tiketi zinaifunga na kuacha ujumbe wa adabu. Mwenzetu mmoja alikuwa amependekeza tuweke moja, ya siku 30, wiki chache kabla ya mambo haya. Hatukuiweka kwa uvivu tu. Tungeiweka, tiketi ya "Ripoti inaficha watu" ingefungwa wiki tatu kabla ya ile simu, daftari letu lingekuwa safi, na nambari ya tiketi zilizo wazi ingetupendeza macho. Mama yule aliandika mara moja, hakujibiwa, akarudi kwa kitabu. Ukimya wake haukumaanisha tatizo limekwisha. Alikuwa ameshatukatia tamaa. Roboti ile haipimi uzito wa kosa. Inapima subira ya aliyeleta taarifa, na wenye subira kidogo mara nyingi ni wale wenye kazi nyingi zaidi. Kama huna nguvu ya kushughulikia tiketi, ifunge kwa mkono wako na uandike "hatutaweza". Hiyo ni heshima. Anayeambiwa "hatutaweza" anatafuta njia nyingine siku hiyohiyo.

Mtu wa Mumias haitaji kusomea haya chuoni, kwa kweli. Hapa kwetu muwa ukishakatwa hauna subira. Kila siku unayolala bila kusagwa sukari inapungua, uzito unapungua. Muwa uliosimama shambani unaweza kungoja, japo si milele. Kwa hiyo mkulima mwenye akili haulizi tu "zamu yangu ni ya ngapi?" Anauliza "wangu umeshakatwa au bado umesimama?" Kuna tiketi zilizokatwa na kuna tiketi zilizosimama. Ombi la kubadilisha rangi ya kitufe limesimama, litangoja mwaka mzima na utamu wake uleule. Ripoti inayoacha majina ya wagonjwa imekatwa.

Kuna wanaonijibu kwamba haya ni ya makampuni, sisi ni watu wa kujitolea, usituletee mambo ya ofisi. Hoja hiyo naiheshimu, na ndiyo sababu hasa nataka arifa zipungue. Tazameni kisa cha xz, kijiprogramu cha kubana mafaili ambacho karibu kila mfumo wa Linux unakitegemea kwa njia moja au nyingine. Mtunzaji wake wa miaka mingi, Lasse Collin, mwaka 2022 aliandika wazi kwamba uwezo wake umepungua, akataja afya ya akili. Wakati huohuo akaunti za watu wasiojulikana zilikuwa zinamsukuma: kwa nini mabadiliko yanachelewa, mpe mwingine mamlaka. Akampa aliyejiita Jia Tan, aliyekuwa amejitolea kwa bidii kubwa. Tarehe 29 Machi 2024 Andres Freund, mwandishi wa programu aliyekuwa anapima kasi ya hifadhidata, akatangaza kwamba matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yana mlango wa siri. Aligundua kwa kuwa kuingia kwa SSH kulichelewa kama nusu sekunde. Nusu sekunde! Sisemi zamu ya wiki ingemzuia Jia Tan. Nasema mtu mmoja aliyebeba kila sauti ya dunia peke yake, usiku na mchana, ni mlango usio na kufuli, na kila arifa isiyo ya lazima inamchosha zaidi.

Na kelele zinaongezeka. Daniel Stenberg wa curl amekuwa akilalamika hadharani tangu 2024 kuhusu ripoti za usalama zilizotungwa na akili unde, ndefu, zenye lugha safi na hatua zote za kurudia tatizo, ila tatizo lenyewe halipo. Linganisha na maneno machache ya mama wa kliniki. Kwa vigezo vyetu vya zamani, ripoti ya mashine ingepita mbele kwa kuwa imejaza sehemu zote. Siku hizi nikiona tiketi fupi, yenye makosa ya tahajia na Kiswahili kilichochanganyika na Kiluhya, naisoma kwanza. Nina hakika imeandikwa na mtu, na kwamba ameacha kazi yake kuiandika.

Kuhusu lugha pia tulibadilika. Zamani mwenye zamu alikuwa "anasafisha" vichwa vya tiketi, yaani anavigeuza kuwa Kiingereza cha wataalamu. Nikijaribu kukumbuka ningekiandikaje kile kichwa, nadhani kingekuwa kitu kuhusu hoja ya hifadhidata isiyochuja aina za ziara. Sahihi, na hakuna ambaye kingemtoa usingizini. "Ripoti inaficha watu" ni maneno matatu na yanasema kila kitu. Sasa vichwa tunaviacha vilivyo, tunaongeza maelezo chini.

Si kwamba tumefika. Kuna wiki umeme ulikatika huku kwetu siku mbili mfululizo, zamu ikiwa yangu, na kifurushi cha data kikaisha nikijaribu kutumia simu. Tiketi nne zikangoja. Tangu hapo tuna msaidizi wa zamu, ambaye hapati arifa ila tiketi ikipita siku mbili bila jibu. Mkutano wa pamoja na wenzetu wa ng'ambo nao ni mtihani: saa nne asubuhi ya Indiana ni saa kumi na moja au kumi na mbili jioni kwetu, inategemea wamebadilisha saa zao au la, na saa hiyo ndiyo matatu zinajaa. Suala la Jumapili bado hatujaafikiana. Wa Nairobi wanasema Jumapili ni mapumziko, kosa lingoje. Mimi nasema lebo ile ya "inamgusa mgonjwa" haijui Jumapili, wao wananijibu kwamba kliniki nyingi zimefungwa siku hiyo, na lazima nikiri wana hoja. Kama mradi wako umepata njia, niandikie, nitashukuru.

Mama wa kumbukumbu nilimtembelea mwezi uliopita. Orodha ya asubuhi ilikuwa imechapishwa, imebandikwa ukutani. Kitabu bado kiko mezani, na bado anakiandika. Nilimuuliza ataacha lini. Akacheka, akaniambia tuone kwanza mwaka huu unaishaje.

Zamu ya wiki hii ni yangu. Kuna tiketi mbili hazijajibiwa, moja ina saa thelathini. Naenda.